Mbwa wa Marehemu na Salamu Niliyoiruka

Mtaani Kimandolu, mtu anayetembea na mbwa kwenye mkanda ni mzungu, mlinzi, au mwizi wa mbwa. Mimi sikuwa yeyote kati ya hao, ndiyo maana kila Jumamosi nilipopanda na mbwa wawili kuelekea miteremko ya Meru, watu walisimamisha kazi wakanitazama.

Mbwa hawakuwa wangu. Walikuwa wa marehemu mume wa mama mwenye nyumba ninayopanga. Tangu mzee afariki walibweka usiku kucha, wapangaji wakalalamika, na mama akasema wasipotulia atawapeleka kwa shemeji yake kwenye machimbo ya moramu, wakalinde mawe. Nikajitolea kuwafundisha. Hakuna aliyeniomba.

Mimi kila kitu najifunza mwenyewe kwenye simu: gitaa, chapati, kunyoosha shati. Na nikishajifunza lazima nikifanye bila kosa, la sivyo nakosa usingizi kuliko hao mbwa. Nilikuwa na daftari la mbwa. Nilichemsha mapafu ya ng'ombe ya kuwatuza, nikayakata vipande vilivyolingana. Nilitumia rula. Naona aibu kuandika hilo, lakini nilitumia.

Jumamosi ninayoikumbuka ilikuwa iwe ya mwisho, maana shemeji alikuwa anakuja Jumapili na pikapu kuwachukua. Somo la siku hiyo, kwa mujibu wa mwalimu wa kwenye video, lilisema: mbwa akiwa anatembea vizuri, usiongee na mtu yeyote, utamvuruga.

Tukawa tunapanda katikati ya migomba na kahawa. Mbwa mdogo, mtundu kuliko wote duniani, kwa mara ya kwanza alitembea sambamba na goti langu. Hapo akatokea bibi mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, nyuma yake mwanamke mwingine. Najua kinachotakiwa. Unasimama, unampisha, unamwamkia. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kuvaa viatu. Lakini goti na mbwa vilikuwa sambamba. Nikatazama mbele, nikapita.

Nyuma yangu nikasikia, "Huyu ni wa nani?"

Mwenzake akajibu, "Wa mbwa."

Juu, karibu na msitu, somo lilitaka nifungue mikanda kwa dakika tatu. Mbwa mkubwa akakaa. Mdogo akaniangalia kwa heshima zote, kisha akaingia kwenye kahawa. Nikamwita kwa Kiingereza, kwa kuwa video ilikuwa ya Kiingereza. Mbuzi wawili waligeuka. Yeye hakugeuka. Nikazunguka saa nzima nikidondosha vipande vya mapafu njiani ili anuse arudi, na mbwa mkubwa akanifuata akivila kimoja kimoja. Mkanda wa mdogo nao nikaupoteza, sijui wapi. Nilishamwona mama akipokea habari kwamba mbwa wa mumewe amepotea mlimani kwa kufuata ratiba.

Ikabaki kushuka kuuliza watu. Na watu wenyewe walikuwa wale niliowapita.

Mbwa mdogo alikuwa uani kwa yule bibi, amefungwa kwa kamba ya mgomba, analamba bakuli la loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando.

"Bibi, huyo mbwa ni..."

Bibi akaendelea kukatakata majani.

"Shikamoo, bibi."

"Hiyo ni ya sasa au ya asubuhi?"

"Zote, bibi."

"Nipe moja moja."

Nikampa. Aliitikia kila moja kwa nafasi yake. Kisha akaniuliza kwetu wapi, mama anaendeleaje, napanga kwa nani, nasali wapi. Nilijibu nimesimama, kama mtoto wa kipaimara.

"Huyu alivyofika alilala chini kwanza, kama anaamkia," akasema, akimwonyesha mbwa. "Nani kamfundisha?"

"Mimi, bibi."

"Wewe?" Akacheka mpaka akaweka panga chini.

Njia nzima ya kurudi nilifanya mazoezi ya uongo. Mbwa wametulia, mama, somo limekamilika. Niliusema mpaka ukanyooka kama shati. Mama mwenye nyumba alikuwa getini. Hakunitazama mimi, alitazama kamba ya mgomba.

"Mkanda uko wapi?"

Nikasema yote, hata rula.

"Kwa hiyo ulimwona mtu mzima, ukampita."

"Ndiyo, mama."

"Jumamosi unarudi kwake na kilo ya sukari."

"Na machimbo, mama? Shemeji anakuja kesho."

"Shemeji nitampigia. Mbwa wamekosa nini?" Akamfungua mdogo ile kamba, akaikunja vizuri, akaitundika kwenye msumari palipokuwa mkanda. "Jumamosi nenda nao. Wao bibi anawafahamu."