Masanduku ya Msellem na Kijiko cha Harusini

Kling! Kijiko kimeanguka kwenye sakafu ya saruji.

Kilianguka mwaka wa themanini na mbili, siku ya harusi ya Msellem na Zulekha, na hapa Konde, Pemba, kiliendelea kuanguka kila Ijumaa baada ya sala kwa miaka kumi na tano. Ukiingia nyumba ile utakaribishwa, utapewa kahawa, kisha Msellem atatia kaseti na kuinua kidole ili hata pumzi uizuie. Ngoma za akinamama, vigelegele, halafu kling!

"Umekisikia?"

"Nimekisikia, Mzee Msellem."

"Cha chai au cha kulia?"

"Cha chai," mgeni atajibu, kwa kuwa kahawa inapoa.

"Cha kulia! Masanduku haya ya spika hayana kosa. Kayaoshe masikio."

Na kila Ijumaa, kabla kijiko hakijaanguka, alimwita mkewe. "Zule! Njoo usikie!"

Jibu lilitoka jikoni, halikubadilika hata siku moja: "Kijiko nishakisikia! Na mie nna vijiko vyangu huku, vinataka kuoshwa!"

Msellem alizaliwa Konde, lakini ujana wake aliumaliza Unguja, fundi mitambo katika studio moja ya kurekodi. Studio ilipobadilisha vyombo mwaka wa tisini na tatu, vile vya zamani vikapigwa mnada. Wenzake walinunua meza na feni. Yeye alinunua spika mbili alizozisikiliza miaka kumi na saba, masanduku mawili ya mbao, kila moja likifika mtu kifuani na kutaka wabebaji wawili. Aliyavusha kwa boti mpaka Wete, na kutoka Wete mpaka Konde yalipanda gari ya abiria yakiwa yamelazwa juu ya godoro lake kama wagonjwa, naye akasimama njia nzima.

"Spika ya dukani imetengenezwa ikupendeze," alikuwa akieleza. "Ya studio imetengenezwa ikwambie kweli. Mwimbaji akikosea, fundi ajue hapo hapo."

Konde haikuwa na haja kubwa ya kuambiwa kweli. Aliyachukua maulidini mara moja tu. Ustadhi aliyekuwa akisoma alisikika akimeza mate baina ya kila beti mbili, na hakuitikia salamu ya Msellem mpaka ulipoandama mwezi wa Ramadhani.

Kisha akatokea Suhail, mpwa wa jirani, na spika yake ya Dubai. Ilikuwa ya plastiki nyeusi, na amplifaya yake, ya kukuza sauti, imo ndani kwa ndani. Inakubali flashi, inawaka taa za rangi, na mtu mmoja anaibeba huku anakula muhogo. Hiyo, sauti yake huisikii kwa masikio, unaisikia kwa mbavu.

Ilikuwa mwaka wa 2008, na msomaji aliyeishi Pemba miaka ile anajua kilichofuata. Vyama vingi vilipoingia tuligawana kila kitu, tukagawana mpaka duka la kununua chumvi. Msellem alikuwa akinywa kahawa baraza ya juu, yenye chama chake. Suhail alikuwa akinywa baraza ya chini, yenye chama chake. Basi haikupita wiki, spika za mbao zikawa za chama cha juu na spika ya plastiki ikawa ya chama cha chini. Watu wasioijua besi, ule mshindo wa chini, ni nini wakaacha kuamkiana kwa ajili yake.

Jambo lilimkuta Zulekha pabaya. Binti yao, Maha, alikuwa akiolewa, na ukumbi wa nyumba, uliojaa masanduku, ulitakiwa utiwe makochi mapya. Zulekha akatoa hukumu: spika zote mbili zipigwe, watu wasikilize, itakayopendwa ndiyo itakayopiga harusini. Msellem akishindwa, masanduku yanatoka ukumbini siku hiyo hiyo.

"Yende wapi?" Msellem aliuliza.

"Jirani yetu Mwanamize kaomba moja la kuku wake wanaoatamia," alisema Zulekha. "Na nyasi keshakata."

Msellem hakulala vizuri siku tatu. Alikubali kwa sharti moja la kifundi: msikilizaji asione anachosikiliza. Likatundikwa shuka mlangoni. Spika zikakaa ndani na wanaume wakakaa nje barazani, wa baraza ya juu kushoto, wa chini kulia. Kaseti ni moja, ile ile ya harusi. Na kwa kuwa Msellem hakumwamini Suhail kushika swichi, wala Suhail hakumwamini Msellem, swichi akapewa Zulekha.

"Wewe ndiwe tume," Mzee Nyange wa baraza ya juu alimwambia kupitia shuka. "Huru na ya haki, Bi Zulekha!"

"Hebu nyamazeni," tume ikajibu.

Ikapigwa namba moja. Sauti ilitoka safi, kila mwanamke na pumzi yake, kila ngoma na mkono wake, lakini ilikuwa ndogo, kama harusi iko nyumba ya pili. Msellem alifumba macho. Baada ya kling ikaja kimya. Tukasubiri namba mbili. Haikuja. Kaseti ikarudishwa nyuma, ikapigwa namba moja tena. Ikarudishwa, ikapigwa mara ya tatu.

"Tume inachelewesha matokeo!" akapiga kelele mtu wa chini.

"Mambo yale yale!" akajibu wa juu.

Ndipo ikaja namba mbili. Vikombe vilicheza kwenye sinia. Mbuzi wa Mwanamize alikata kamba. Wa chini waliijua spika yao, wakanyoosha mikono yote. Mzee Nyange naye alipima kichwani: masanduku makubwa kama yale, sauti yake itakuwa ipi kama si hii? Akanyoosha mkono na baraza yake yote ikamfuata.

"Hii ndiyo spika!" alisema. "Hii ina uzee ndani yake!"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mfumo wa vyama vingi kuanza kwa baraza mbili za Konde kukubaliana. Shuka likavutwa. Taa za rangi zilikuwa zikiwaka.

"Uchaguzi urudiwe!" akasema Mzee Nyange, mkono bado uko juu.

"Umepiga kura mwenyewe, mzee!" Suhail alikuwa akicheka mpaka akaegemea nguzo. "Na mkono huo ushushe, tushauhesabu!"

Msellem alisimama akampa Suhail mkono. "Kwa uwanjani yako nzuri," alisema. "Itafika mpaka barabara kuu." Kisha akainama kuanza kuchomoa nyaya, na hakuna aliyemtania.

Wanaume wanne waliingia kubeba. Bi Mwanamize alikuwa nyuma yao na pakacha la nyasi kichwani. Zulekha alikuwa amekaa juu ya sanduku moja, mkono mmoja umeshika la pili, ncha ya mtandio iko mdomoni.

"Tupishe, Bi Zulekha, tubebe."

"Kabebeni ya Suhail. Haya hayatoki."

"Lakini kura…"

"Kura ilikuwa ya harusi. Nyumba haikupigiwa kura."

"Na kuku wangu je?" akauliza Mwanamize.

"Kuku wako waatamie pakachani. Makochi yatakaa varandani."

"Tume imetengua matokeo!" Mzee Nyange aliwatangazia wa nje kwa furaha, na baraza zote mbili zikaondoka zikibishana, safari hii zimechanganyika.

Nyumba ilipotulia, nyaya za masanduku zikarudishwa na Zulekha akabonyeza kaseti. Ngoma, vigelegele, kling. Na chini kabisa ya ngoma, mahali ambapo spika ya Dubai ilikuwa na mshindo mtupu, sauti ya mwanamke mtu mzima, karibu na maikrofoni: "Wacha, ntakiokota mie, mwanangu. Leo usiiname."

Ilikuwa sauti ya Bi Mwanawema, mama yake Zulekha, aliyezikwa mwaka mmoja kabla ya masanduku kufika Konde.

Zulekha hakugeuka. "Miaka kumi na tano mama yumo humu, Msellem. Na hukunambia."

Msellem alikuwa akikunja waya uliobaki kwenye kiwiko, mzunguko juu ya mzunguko, na hakuacha kukunja.

"Nilikuwa nikikwita kila Ijumaa," alisema, kwa sauti ambayo spika ya Dubai isingeipata.