Matangazo Yaliyomfunika Lydia

Yasinta alikuwa mpiga chapa wizarani mpaka alipokumbwa na ule upunguzaji wa wafanyakazi. Hakukaa kulia. Alinunua kompyuta mbili zilizochoka, akaziunganisha na intaneti kwa waya wa simu, akafungua duka la barua pepe hapa mtaani kwetu Makole. Ilikuwa miaka ya soko huria, kila mtu anauza kitu. Wazee wenye watoto ng'ambo hawakuwa na anwani zao, wote walitumia ya Yasinta. Barua ikija, anaichapa na kuwasomea.

Kilichomponza ni adabu. Kampuni moja ya vipodozi ya Dar es Salaam ilimwandikia: "Ndugu mpendwa, habari za kazi?" Chini yake, tangazo la mafuta ya nywele. Nani kwetu husalimiwa akanyamaza? Yasinta akajibu: "Njema, asante. Mafuta kwa sasa hatuhitaji." Basi yakaanza kumiminika matangazo ya sabuni, ya vitanda, ya dawa za kunenepesha, kutoka kwa watu asiowajua. Yote yalisalimia, na yote aliyajibu, masikini! Nilimwambia aache, akaniambia mimi sikufundwa.

Sanduku likafurika. Intaneti yenyewe ilikuwa ya kobe, ukurasa mmoja ukifunguka umeshasonga ugali. Wiki iliyofuata Pasaka, akiwa anafukua matangazo, akaikuta barua ya Lydia, binti wa mzee Bartolomayo, muuza mtama wa soko la Majengo. Lydia alikuwa India akisomea uuguzi. Barua ilikuwa imelala humo tangu Kwaresima.

"Baba, wazazi wa Kefa wanataka neno lako kabla ya Pasaka ili anichumbie. Ukinyamaza nitajua umekataa, nami sitakuvunjia heshima."

Nilikuwepo. Yasinta alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mungu wangu! Mungu wangu!" Tukamkimbilia mzee, na ndiyo yake yenye baraka zote ikatumwa siku ileile. Lydia akajibu kwamba Kefa ameshachumbia mwingine.

Yasinta akaipigia simu ile kampuni ya vipodozi, akataka anwani yake ifutwe. Kijana wa mauzo akacheka. "Mama, si ulitujibu mwenyewe? Anayejibu ni mteja. Anwani yako tumeshawauzia na wenzetu."

Mtu anaitikia salamu, wao wanamuuza!

Hapo ndipo Yasinta alipogeuka mwiba. Alibandika onyo mlangoni, akawakusanya wenye maduka kama lake wakatia sahihi malalamiko, akapanda basi kuyapeleka Dar es Salaam. Mzee Bartolomayo akasema naye anakwenda. Nami nikawasindikiza.

Meneja wa ile kampuni alitukaribisha soda. "Jamani, ni tangazo tu," alisema. "Si mngelifuta?"

Mzee, ambaye soda yake hakuigusa, akamtazama.

"Mwanangu, binti yangu alikula Pasaka peke yake ugenini, akijua baba yake amemkataa. Hilo nalo linafutwaje?"