Taa Nyekundu ya Kamera ya Bega

Kamera yangu ya kwanza niliibeba begani kama gunia la mbaazi. Nikiingia nayo harusini pale mjini Salama, watu walinipisha mimi kabla ya kumpisha bwana harusi. Ilirekodi kwenye kanda ndogo za dijitali, na mbele ilikuwa na kitaa chekundu kilichowaka mara tu nilipoanza kurekodi. Kitaa hicho ndicho kilichowafundisha watu adabu ya kamera. Wageni walipanga foleni kutoa pongezi, na hakuna aliyefungua kinywa kabla hakijawaka. Kikiwaka, waliacha Kikamba wakaingia Kiswahili, kile cha mimbarini, wakajitambulisha kwa majina yao yote utadhani wako mbele ya chifu.

Nami nilikuwa na sheria yangu: mpiga video hajibu. Hata nikisalimiwa nilinyamaza, maana maikrofoni ilikuwa karibu na mdomo wangu kuliko wa mtu mwingine yeyote, na sauti yangu ingeharibu kanda ya watu.

Baadaye kanda zikaadimika madukani, kadi zikaja, kamera zikanywea. Niliyo nayo sasa inatoshea kiganjani, inaona gizani kuliko mimi, na haina taa yoyote mbele. Picha zake ni safi mpaka unaona nyuzi za shela. Nikaongeza kishikio cha kutuliza mikono inayotetemeka, kisha droni, ambayo siku yake ya kwanza kule Kambu ilitawanya mbuzi pamoja na nusu ya kwaya. Sikatai, kazi imekuwa nzuri zaidi. Lakini heshima iliondoka na uzito. Kwenye mazishi fulani karibu na Kwa Vonza, mzee mmoja aliniuliza, "Kijana, cameraman atafika saa ngapi?" Nilikuwa nimemrekodi tangu asubuhi. Nilinuna mpaka jeneza likashushwa.

Mama yangu alikuwa na mawazo kama ya mzee yule. Nililijua hilo siku ambayo sikutaka kabisa kulijua.

Daktari alikuwa amempata na uvimbe kooni. Alitueleza wazi kwamba upasuaji ungeokoa maisha yake, lakini huenda ukaondoka na sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyotuita tulipokawia mtoni, na ndiyo iliyoanzisha nyimbo kanisani huku wengine wakitafuta ukurasa. Niliogopa kuipoteza, niliogopa sana. Nikabeba vifaa vyangu vyote vipya hadi nyumbani, nikamketisha mama sebuleni, nikaanza kurekodi.

"Mwaitu, sema kitu," nikamwambia. Hivyo ndivyo kwetu tunavyomwita mama.

"Niseme na nani? Hiyo ni simu."

"Si simu, ni camera. Inarekodi saa hii."

"Na taa iko wapi? Wewe usinichezee. Leta ile camera ya watu."

Ile kamera ya watu ilikuwa imekufa kitambo. Ilianza kwa kutafuna kanda, ikamaliza kwa kukataa kuwaka, nami nikaiacha studio ikila vumbi. Niliirudia nikinung'unika njia nzima. Nikanunua taa nyekundu ya baiskeli, ile ya nyuma, nikaifunga mbele ya kamera kwa utepe mweusi. Ile kamera ndogo nikaificha kwenye kabati la vyombo, kati ya vikombe vya wageni, ikitazama chumba chote.

Mama alipoiona kamera kubwa imesimama juu ya miguu yake mitatu, alienda kubadilisha kitambaa cha kichwa. Nikawasha taa ya baiskeli, nikainama, nikabandika jicho kwenye kitundu cha kutazamia ili aamini. Mle ndani mlikuwa na giza tupu.

"Bwana asifiwe," akaanza. "Mimi ni mama ya huyu cameraman. Nilitaka akuwe mwalimu, akakataa. Lakini nikienda soko watu wananiuliza, wewe si mama ya yule wa camera? Na mimi nasema ndio, huyo ni wangu."

Hapo Kiswahili kikamwishia, akarudi kwenye Kikamba. "Mwana wakwa," aliniita, mtoto wangu, kisha akaniuliza kama ninamsikia.

Sikujibu. Mazoea ya kazi yalinifunga mdomo. Nilibaki na jicho langu gizani, nikiomba tu ile ndogo kabatini isizimike.

Upasuaji ulikwenda salama. Mama yupo, anakula, anapalilia kunde zake, anafukuza kuku kwa kupiga makofi. Sauti haikurudi.

Nikienda nyumbani tunaitazama ile video kwenye runinga. Picha ni safi ajabu, na tumo wote wawili. Yeye ameketi wima, mimi nimeinama, uso wangu umefichwa na kamera isiyofanya kazi. Ananiuliza kama ninamsikia, halafu anangoja. Siku ile niliona ni muda mfupi tu. Kwenye runinga ni mrefu, naye haondoi macho kwangu, anasubiri niinue kichwa.

Kila tukifika hapo, mama hunigusa goti. Nami humjibu kwa sauti, "Nakusikia, mwaitu," naye huitikia kwa kichwa, macho yake yakiwa bado kwenye runinga, ambako mimi bado nimeinama.