Marekebisho Madogo

Mkuu wa utumishi alikuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kufunua karatasi. Alikilamba polepole, kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akakibandika kwenye kona ya ukurasa na kuuvuta. Baadaye karatasi zile zile zilifika kwa mtunza nyaraka zikiwa bado na unyevu, naye mama wa watu akazishika kwa ncha za kucha. Angefanyaje? Ndiyo kazi iliyowalea yeye na bintiye tangu baba wa mtoto alipofariki.

Wenzake walimwita Mama Toleo. Kiwanda chao kilikuwa cha nyama: ng'ombe waliingia kwa mlango wa nyuma wakitembea, wakatoka kwa mlango wa mbele ndani ya makopo. Yeye nyama hakuigusa. Alikaa katika chumba kimoja chenye dirisha la kutazama uani, akitunza violezo vya barua, vya fomu, na vya maelezo ya kazi, yaani ile karatasi inayomwambia mfanyakazi kazi yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Karatasi ikibadilishwa, inapewa namba ya toleo jipya. Hapo Mama Toleo anazunguka idara zote, anakusanya za zamani zisije zikaendelea kutumika, anawasomea wenyewe ile mpya, wanasaini. Asiyesaini haimhusu.

Kabla yake mambo yalikuwa shaghalabaghala. Aliyetaka karatasi ya mfanyakazi mpya alichukua ya mfanyakazi mwingine, akafuta jina, akaandika jingine. Ndiyo maana mlinzi wa getini alikuja kugundua kwamba, kwa maandishi, kazi yake ni kuchemsha chai na kusuuza vikombe vya wageni. Alikwenda kwa wakubwa na rungu lake mkononi, anacheka. "Sasa wezi wakija niwawekee sukari vijiko vingapi?" Kicheko kilizunguka kiwanda kizima, wakubwa wakaona haya, wakamtoa huyu mama mapokezi wakamkabidhi nyaraka. Shule yake haikuwa ndefu, lakini macho yake hayakuwa na usingizi.

Basi asubuhi moja mkuu wa utumishi akaingia na karatasi ya akina mama wa chumba cha kuosha, wale wanaosafisha makreti na meza za kukatia.

"Hii itie kwenye faili," alisema. "Nimegusa kidogo tu."

Mama Toleo akaisoma. Mwisho kabisa, chini ya kuosha makreti, kulikuwa na mstari mpya: kusafisha mifereji na shimo la mafuta.

Shimo lenyewe lilikuwa uani, chini ya kifuniko cha chuma. Maji ya damu, mafuta na vipande vyote vya kiwanda viliishia humo vikaganda na kuchacha. Kila lilipojaa lilikuja lori la kunyonya, na hata dereva wa lori, mtu aliyezoea uchafu wa mji mzima, hakuwahi kuinamia tundu lile. Aliwahi kumwambia Mama Toleo dirishani, "Hewa ya humu inamlaza mtu kabla hajapiga chafya."

"Toleo namba ngapi hili, bosi?"

"Namba ibaki ile ile. Marekebisho madogo hayapandishi namba. Si ndiyo utaratibu wako mwenyewe?"

"Marekebisho madogo ni kama herufi imekosewa. Hili shimo ni kazi ya lori."

"Lori halitakuja tena, nimelisimamisha. Wale kazi yao si kuosha? Kuosha ni kuosha." Akatoa kijiti mfukoni akaanza kuchokonoa meno. "Usinikuzie mambo, mama. Wasisumbuliwe kwa kusainishwa. Tia kwenye faili."

Alipotoka, Mama Toleo alibaki akiitazama ile karatasi kama mtu aliyekuta kinyesi mlangoni kwake. Hivi ndivyo walivyo, aliwaza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa kingine: miongoni mwa akina mama wa kuosha, mdogo kuliko wote na mgeni kazini, alikuwa bintiye wa pekee, mwenye pumu tangu utotoni. Mgeni ndiye angetangulizwa shimoni, hilo halikuhitaji mganga.

Jioni alimweleza binti, huyo akiwa anapiga pasi sare yake.

"Mama, waachie."

"Niwaachie wakutie humo?"

"Kazi nimeitafuta mpaka viatu vimetoboka. Wanasema nimepewa kwa mgongo wako. Ukianza fujo watasema, 'Mnaona? Mtoto wa Mama Toleo hashiki uchafu.'"

"Na kifua chako?"

"Kifua changu ni changu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi akiusema anaonekana msumbufu.

Kesho yake aliipa ile karatasi namba mpya. Hakuona njia nyingine: wakisomewa watakataa, wakikataa karatasi itakufa. Akaenda nayo chumba cha kuosha, sakafu inateleza, mvuke wa maji moto umechanganyika na harufu ya mifupa. Msimamizi, mwanamume aliyecheka kila mkuu alipocheka, alitaka aharakishe.

"Wape wasaini, mama, makreti yanangoja."

"Nasoma kwanza." Akasoma neno kwa neno, na ule mstari akaurudia mara mbili.

Mkongwe wao, ambaye wote walimwita Shangazi, akafuta mikono kwenye aproni. "Shimo lile la uani?"

"Lile lile."

"Mimi humo siingii. Mtu aliyeandika hayo aingie yeye, atusimulie huko chini kukoje."

"Atakwama tumbo," mwingine akadakia, wakacheka, na kalamu ikapita mkono hadi mkono bila kuandika kitu. Mama Toleo alianza kupumua. Ndipo kalamu ikamfikia bintiye. Binti hakumtazama mama. Aliinama, akasaini.

"Ahaa," alisema msimamizi, uso umechangamka. "Huyu ndiye mfanyakazi. Wewe utaanza Jumatatu."

Akina mama wakaangaliana. Hakuna aliyemtetea. Mmoja alisogeza kreti lake mbele na kuendelea kusugua, kana kwamba jambo limeshapata mwenyewe. Mama Toleo aliwatazama, watu aliokuwa akiwapigania dakika ile ile. Utaratibu wake, alioufuata hatua kwa hatua, ulikuwa umekwenda kumchagua mwanawe.

Akaichukua karatasi, akaiweka juu ya kreti, akaichora saini ya bintiye mistari mpaka kalamu ikatoboa.

"Mama, unanidhalilisha," binti alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Hiyo ni kuharibu waraka wa kazi," alisema msimamizi.

"Najua pia. Kaniandikie."

Alipewa barua ya onyo. Aliisaini bila kubishana, kwa kuwa yaliyoandikwa yalikuwa kweli. Lakini karatasi iliyoharibika haingii kwenye faili, na nyingine ingelazimu kurudi kuwasomea wale wale, sasa mbele ya Shangazi aliyekwisha kujiandaa kwa maswali. Mkuu wa utumishi hakuwa mtu wa kujibu maswali. Shimo likajaa mpaka maji yakatokeza getini, siku ambayo wanunuzi wa makopo walikuwa wanakuja. Lori likaitwa mbio.

Wafanyakazi walitoka uani kutazama. Mkuu alisimama upande usiofikiwa na upepo, kitambaa puani, akawahutubia. Yeye, alisema, hawezi kuruhusu mama yeyote wa kiwanda hiki kuhatarisha afya yake, ndiyo maana amesisitiza lori lirudi.

Wakampigia makofi. Msimamizi alipiga kwa nguvu kuliko wote. Shangazi naye akapiga, kwa viganja vilegevu. Na binti, ambaye nyumbani hakuwa amemsemesha mama yake tangu siku ya kalamu, naye alipiga, huku akiinamisha kichwa kwa shukrani.

Mama Toleo, aliyekuwa dirishani, alitema mate kwenye kikapu cha taka, akafunga dirisha.