Feni ya Meko na Dagaa wa Bibi

Sio uvivu, mjomba. Nilimwambia hivyo hivyo, nimesimama katikati ya sebule yetu pale Grand Prairie, huku ughaibuni, na koti mwilini, ndani ya nyumba. Sikatai feni eti kwa sababu naogopa kufuta vumbi. Nakataa kwa sababu feni inavuta hewa kutoka chini ya meko, hii ya gesi ya kuotea moto, na kuimwaga chumbani, na huko chini hakuna anayejua kuna nini.

"Kuna nini? Bomba la gesi na waya, basi," akasema mjomba. Ni mdogo wake mama, anafanya kazi za kompyuta mji wa Richardson, na akishaangalia video mbili anakuwa fundi wa kila kitu. Feni alishainunua, iko kwenye boksi miguuni pake. "Bila feni mnapasha moto ukuta tu."

Hapo alisema kweli, na ndicho kilichoniudhi. Dari la sebule yetu liko juu mno. Joto lote la hita linapanda ghorofani tunakolala sisi wazima, halafu Bibi, ambaye magoti hayamruhusu ngazi, analala chini kwenye kochi mbele ya meko. Alikuwa na wiki tatu tangu atoke Kigoma, na kila asubuhi kifua kinamlia kama mlango mbovu. Meko yenyewe inawaka, moto mzuri wa kuangalia, lakini ukirudi nyuma hatua mbili huusikii.

Unachosikia ni harufu. Mama, kila nikiuliza, anajibu kuwa gesi ya huku ndivyo ilivyo. Gesi gani inanuka samaki? Bibi peke yake ndiye hakulalamika. "Mke mwenzangu," ananiambia kutoka kwenye mablanketi yake, "mimi hii harufu naipenda. Kama niko kwangu."

Basi Bibi alipoenda kutawadha nikamwambia mjomba, fungua uone.

Akapiga magoti, akafungua kile kijimlango cha chuma chini ya meko, akamulika na simu. Nikainama na mimi.

Mifuko mitatu ya dagaa, imefungwa kwa vipande vya kanga ya Bibi, naijua. Mmoja joto lilikuwa limeuyeyusha plastiki, dagaa wamemwagika na kuwa unga wa mafuta mafuta, na kwenye ule unga yamenasa manyoya ya mbwa wa watu waliokaa hapa kabla yetu. Na mende. Wengine wamekufa chali, wengine bado wanakula. Mmoja akatoka, akapita juu ya kiatu cha mjomba taratibu kabisa, kama mwenye nyumba. Mate yakanijaa mdomoni, nikameza, nikajuta kumeza.

Nilielewa pale pale. Kila mtu akitoka Kigoma, Bibi alikuwa anampa dagaa atuletee. Mama ni nesi, wenzake wa kazini huwa wanakuja kunywa chai, na hataki nyumba inuke. Kupika hakutaka, kutupa zawadi ya mama yake hakuweza. Kwa hiyo wakati wa kiangazi, meko haiwaki, akawasukumia humo na kuwasahau. Halafu akikaa na Bibi, Bibi anauliza: "Wale dagaa mliwamaliza?" "Tuliwamaliza, mama. Watamu sana." Nimeyasikia hayo kwa masikio yangu, zaidi ya mara moja, na Bibi anacheka kwa furaha.

Mjomba akarudisha kijimlango. "Sikiliza. Nafuta hapa mbele, haya mengine nayasukuma nyuma, feni inaingia. Bibi asijue."

"Feni impulizie miguu ya mende usoni?"

"Usikuze mambo."

"Na kifua kile?"

Alikuwa anafuta kiatu chake kwenye zulia, zulia letu, na sijui kipi kilinichefua zaidi, yule mende au yeye. Nikaenda kwenye swichi ya ukutani nikazima meko. Moto uko juu ya plastiki kiasi cha shubiri moja, na watu wazima wanapanga kusukuma nyuma.

Bibi akarudi na mikono bado mibichi. "Mbona mmenizimia?"

"Tunapima feni, mama," mjomba akasema, haraka sana.

Nikamletea Bibi duveti langu, lile blanketi nene la manyoya, na chupa ya maji ya moto, nikamfunika mpaka shingoni. Feni sikuikataa tena. Niliamua tu haitaingia juu ya ule uchafu wala juu ya ule uongo. Kesho asubuhi, kabla mama hajarudi kutoka zamu ya usiku, navaa glovu zake za kazini na kutoa kila kitu mpaka chuma kionekane, Bibi akiwa amekaa hapo hapo ananitazama. Akiuliza ni nini, nitamwambia ni dagaa wake. Halafu ndiyo nampigia fundi wa gesi aje kuifunga feni, fundi wa kweli.