Dunia Aliyoifinyanga Mwalimu Dafroza

Mwalimu Dafroza Masatu hakuomba kufundisha Jiografia. Alikuja shuleni kwetu Buhare kama mwalimu wa Kiswahili, na alikuwa mzuri kwa Kiswahili. Mwalimu wa Jiografia alipohamishiwa Bunda, mwalimu mkuu, Mzee Masanja, alituangalia sote ofisini, macho yake yakamwangukia Dafroza. Mimi nilikuwa na Hisabati za kunitosha, nikainamisha kichwa.

Basi akafundisha kama sisi wengine tulivyofundishwa. Darasa langu lilipakana na lake, kwa hiyo nilikuwa nawasikia kila wiki.

"Mabara ni mangapi?"

"Sabaaa!"

"Yataje!"

Wakayataja kwa wimbo, Afrika mbele, Antaktika mwisho, kisha bahari nazo kwa wimbo mwingine. Ukutani ilining'inia ramani ya dunia ya kitambaa cha plastiki, imefifia upande wa dirishani. Watoto walifaulu mitihani. Hakuna mzazi aliyelalamika, na Dafroza mwenyewe hakuona ubaya.

Kisha akaletwa Robi.

Aliletwa na shangazi yake, Penina, mama anayeuza mboga soko la Mukendo. Mtoto alizaliwa kijijini upande wa Butiama. Surua ilimwacha hai lakini ikamchukulia macho, wakati huo akiwa bado hajaanza shule. Shangazi alimfuata, akamleta kuishi naye mjini. Nafasi katika shule ya bweni yenye walimu wa nukta nundu ilikuwa imeombwa, haijapatikana.

"Madam, akae tu hapa asikilize," Penina alisema. "Nyumbani anakaaga peke yake mpaka nirudi sokoni. Anaongea na kuku."

Dafroza alimpokea darasa la tano, la watoto wa rika lake, akamkalisha dawati la mbele karibu na mlango. Robi alikuwa na kichwa chepesi. Alichosikia mara moja hakimtoki. Wimbo wa mabara aliushika siku ileile, akauimba kwa sauti nyembamba iliyopanda juu ya sauti za wenzake.

Kengele ya mapumziko ilipolia, wenzake walitoka mbio. Yeye alibaki.

"Mwalimu, hayo mabara yako wapi?"

"Yapo kwenye ramani, ukutani."

"Naomba niyaone."

Dafroza alimshika mkono, akampeleka mpaka ukutani, akauweka mkono wake juu ya Afrika. Robi akapapasa taratibu, kushoto, kulia, juu mpaka vidole vikafika kwenye kona iliyofifia. Akarudi tena chini.

"Ni plastiki tu," alisema. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayetoa taarifa.

Mchana ule Dafroza alinifuata ofisini akiwa na chai yake, hajainywa. "Umenisikia nikiimbisha watoto miaka yote hii," aliniambia. "Hivi huwa nawafundisha nini?"

Nikamwambia asijisumbue, mtoto atapata shule yake. Alinitazama kama vile nimesema jambo la kijinga, na kweli lilikuwa la kijinga.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa kamba ya katani. Alichora mabara kwenye karatasi ya manila, akabandika kamba kwa gundi kufuata mipaka yote ya pwani. Kazi ilimchukua jioni kadhaa. Robi alipoishika alizunguka kamba yote bila kuinua kidole, akarudi pale alipoanzia.

"Hii ni kamba inazunguka. Sasa nchi kavu ni ndani au nje?"

"Ndani."

"Ndani na nje ni sawasawa, Mwalimu."

Ilikuwa kweli. Kidole hakikuona tofauti ya Afrika na Atlantiki.

Jumamosi Dafroza akapanda gari kwenda kwao, kijijini kwenye rasi ya Majita. Mama yake, Gaudensia, alikuwa mfinyanzi tangu ujana. Mitungi yake ilijulikana vijiji vyote vya rasi ile, kabla ndoo za plastiki hazijaingia na kuifukuza. Dafroza alikuwa amekua akiponda udongo kwa miguu, na alipopata chuo cha ualimu alinawa miguu akadhani ameachana nao.

Alimkuta mama anachambua dagaa uani.

"Mama, nataka udongo."

"Udongo wa nini? Unaolewa tena, unataka vyungu vya jikoni?"

Walicheka. Dafroza akaeleza habari za Robi. Gaudensia hakuwahi kwenda shule, na neno bara kwake lilikuwa neno la redioni. Lakini habari ya mtoto asiyeona aliielewa vizuri. Aliacha dagaa, akachukua jembe.

"Unataka kitu cha kushikwa na watoto kila siku," alisema wakati wanachimba. "Kwa hiyo lazima kichomwe. Udongo usiopita motoni ni tope linalosubiri mvua."

Dafroza hakusikiliza. Alikuwa na haraka. Alirudi Buhare na viroba vya udongo, na badala ya kuchoma chochote akaitengeneza dunia nzima chini, nyuma ya darasa, chini ya ukingo wa paa. Watoto walimsaidia wote. Nchi kavu waliiinua, bahari waliziacha chini. Milima waliifinya kwa vidole, na Himalaya ikapewa ncha kali. Bonde la Ufa alilichora mwenyewe kwa kijiti, kutoka Bahari ya Shamu kushuka mpaka kwetu. Jangwa la Sahara wakalinyunyizia mchanga. Ziwa letu Robi alilitengeneza mwenyewe, kwa kukandamiza dole gumba.

"Ziwa lote ni hili tu?" aliuliza.

"Hilo tu."

"Na Mto Mara unaingilia hapa?"

"Hapohapo, upande huu wa mashariki. Na huku juu Mto Nile unatoka, unakwenda, unakwenda, mpaka bahari ya Mediterania."

Robi aliufuata Nile kwa kidole mpaka mwisho. Mtoto mmoja, Benson, anayekaa Makoko na baba yake mvuvi, alikuwa amechuchumaa pembeni mdomo wazi. "Mwalimu, kwani Afrika ni hapa?" aliuliza. "Mimi nilijuaga Afrika ni huko mbali."

Hapo ndipo Dafroza alipojua kwamba Robi hakuwa peke yake gizani. Wenye macho nao walikuwa wanaimba tu.

Mvua ilikuja wiki iliyofuata. Kwanza jua lilikuwa limeipasua Asia kuanzia Himalaya mpaka India. Kisha mfereji wa paa ukashindwa na maji, yakamwagika pale pale. Asubuhi tulikuta tope jekundu limetulia, na majani machache yanaelea. Robi aliinama akatia mkono.

"Bahari imekula kila kitu," alisema, kisha akaanza kucheka. Wenzake wakacheka naye. Dafroza hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya darasa, khanga mabegani, akaangalia lile tope mpaka kengele ikalia.

Mzee Masanja alimjia pale. Hakuwa mtu mkali. "Mwalimu, umejitahidi," alisema. "Lakini mtihani wa wilaya umekaribia. Turudi kwenye ramani ya ukutani. Mtoto yule atapata shule yake, watamfundisha wenye utaalamu."

"Sawa, Mwalimu Mkuu," Dafroza alijibu.

Likizo fupi ilipofika alirudi kwa mama yake. Safari hii alibeba ramani ya ukutani yenyewe, imekunjwa. Aliitandaza uani, akaweka karatasi nyembamba juu yake, akafuatisha kila bara kwa penseli. Gaudensia aliponda vigae vya mitungi mikuukuu vikawa unga, akauchanganya kwenye udongo ili usipasuke. Wakafinyanga kila bara peke yake, kipande kipande, pamoja na milima na ziwa letu, kama mtu anavyotengeneza vifuniko vya vyungu. Asia ilikuwa kubwa mno, mama akaikataa. "Hii itapasuka. Igawe." Wakaigawa mara mbili. Vipande vikakaa kivulini vikakauka polepole, na Dafroza akajifunza upya kusubiri.

Siku ya kuchoma walivipanga juu ya kuni, wakavifunika kwa samadi kavu na majani. Moshi ulipanda. Ndani ya moto kilisikika kishindo kimoja, mama akatikisa kichwa. Majivu yalipopoa, walikuta Australia imevunjika. Vingine vyote vilikuwa vizima, vyekundu, na vikigongwa vinalia kama chungu kizuri. Australia wakaifinyanga tena, wakaichoma peke yake.

Shuleni, fundi mmoja aitwaye Kwangu aliyekuwa anatengeneza madawati yetu aliunga mbao akapata sinia pana lenye kingo. Watoto wa Makoko wakaleta mchanga wa ziwani. Mchanga ukawa bahari, na mabara yakakaa juu yake. Mzee Masanja alisimama mlangoni akaangalia, mwisho akaingia, akainua Afrika, akaipima uzito mkononi, akairudisha mahali pake kwa uangalifu. Hakusema tena habari za ramani ya ukutani.

Robi alizijua sehemu zote kwa muda mfupi. Na maswali yake yakazidi.

"Mwalimu, Ulaya na Asia zimegusana. Mbona hakuna maji katikati? Kwa nini ziwe mabara mawili?"

"Watu ndio waliamua kuzitenga. Pale kuna milima, inaitwa Ural. Basi wakasema mpaka ni pale."

"Kumbe mabara mengine wametenga watu."

"Hilo moja, ndiyo."

Bahari ya Pasifiki ndiyo aliyoipenda. Aliweka kiganja mwambao wa Amerika, akakisukuma juu ya mchanga taratibu, akisubiri kugusa kitu, na kwa muda mrefu asiguse chochote. "Hapa pakubwa," alisema.

Jambo lililotufanya sote tukumbuke darasa lile lilitokea siku ambayo hata hawakuwa na kipindi cha Jiografia. Mimi nilikuwa pale kwa sababu nilikuja kuazima chaki. Watoto walikuwa wanasafisha sinia, wameyatoa mabara yote wakayaweka kwenye dawati. Robi alikuwa ameshika Amerika ya Kusini mkono mmoja na Afrika mkono mwingine, anayapapasa kingo. Akayasogeza. Akayageuza kidogo, akayasogeza tena, mpaka yakagusana.

"Mwalimu, hivi vilivunjika?"

"Hapana, Robi. Australia ndiyo ilivunjika, na tulitengeneza nyingine."

"Hivi vimevunjika. Vinaingiana. Hii pembe inaingia hapa kwenye kona. Ni kama kigae na chungu chake."

Dafroza alikuja, akashika mikono ya mtoto juu ya vile vipande. Kisha akafumba macho yake, akapapasa mwenyewe pale vinapoungana. Nilimwona uso ukibadilika. Baadaye aliniambia kwamba chuoni alisoma habari hizo, akazikariri, akazijibu kwenye mtihani, na tangu hapo hakuzifikiria tena.

"Uko sahihi," alimwambia Robi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Zamani sana, kabla hajawepo mtu, mabara haya yalikuwa kitu kimoja. Yalipasuka, yakaachana, na Atlantiki ikaingia katikati."

"Nani aliyatenga?" Benson aliuliza.

"Dunia yenyewe. Na bado yanasogea. Polepole tu, kama kucha zako zinavyoota."

Benson aliangalia kucha zake. Darasa zima likaangalia kucha.

Gaudensia alikuja mjini mwezi uliofuata kutibiwa mgongo, na Dafroza akamleta shuleni. Bibi alisimama mbele ya sinia akiwa na mkongojo. Alivitambua vipande vyake, maana aliviumba, lakini hakuwa amewahi kuviona vimepangwa.

"Bibi, lete mkono," Robi alisema. Akauchukua mkono wa yule mama, mgumu kwa kazi, akaupeleka. "Hii Afrika. Hapa Kilimanjaro. Shuka, rudi huku. Hapa ni ziwa, weka dole gumba. Sisi tuko ukingoni hapa. Kwetu Butiama ni palepale pembeni, huwezi kupatenga."

"Na Majita kwangu?"

"Ni hapohapo pia, bibi. Kidole kimoja kinatuenea sote."

Gaudensia aliacha dole gumba lake mle ndani kwa muda. Kisha akamgeukia binti yake. "We Dafroza, ulisema ni vitu vya shule. Hukuniambia nilikuwa nachoma dunia."

"Nilikwambia, mama."

"Ulisema tu. Hukunionyesha."

Nafasi ya Robi ilipatikana mwisho wa mwaka. Januari, Penina na Dafroza walimsindikiza stendi na sanduku lake la bati na fimbo yake nyeupe mpya. Mtoto alikuwa na furaha, na alikuwa na hofu. Dafroza alimwuliza kama angependa kwenda na bara moja, achague. Robi alifikiri, akakataa. Alisema likiondoka moja, wengine watajifunza vibaya.

Akapanda gari na shangazi yake. Dafroza alisubiri mpaka likatoka, akarudi Buhare kwa miguu, na kabla ya kipindi cha mchana alikuwa ameshaanza na darasa la tano jipya. Nikamsikia kupitia ukutani. Safari hii hakukuwa na wimbo. Alikuwa anawaambia wafumbe macho na walete mikono.