Ufagio wa Mama na Mvule wa Baba

Mama yangu hajawahi kusamehe jani. Kila asubuhi, akishamaliza swala ya alfajiri, alikuwa akishika ufagio wake wa njiti na kufagia uwanja wetu wa Makindye hadi udongo ubaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Ndivyo alivyofunzwa na bibi, ambaye wazee wake walikuja huku na biashara kutoka pwani: mwanamke hujulikana kwa uwanja wake. Majani yote aliyavusha ng'ambo ya ua, kwenye kijisitu cha wakfu kilicho mteremkoni. Majirani nao walifanya vivyo hivyo. Tulikuwa mtaa safi ajabu, uliozungukwa na taka zake wenyewe.

Katika kijisitu hicho upo mvule alioupanda Baba mwaka aliomwoa Mama. Baba ametangulia mbele ya haki. Mvule umebaki.

Kisha mteremko wa upande wa pili wa bonde uliungua, watu wakaingiwa na hofu. Kikao cha mtaa kikaamua: chini ya miti pasiposafishwa kabla ya kiangazi, miti yote ikatwe, isije ikatuletea moto majumbani. Akaalikwa binti mmoja, mtaalamu wa misitu, aje kutufundisha. Alitueleza kwamba moto hupenda kupanda mlima, na kwamba miti inataka kuzungukwa na ukanda wa udongo mtupu. Halafu akachomeka kijiti kwenye lundo la majani lililo nyuma ya ua wetu. Kijiti kikazama chote.

"Majani hii yote nani anatupa hapa?"

Kila mwanamke alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mimi," Mama akasema. "Ni uchafu wa uwanjani kwangu."

"Hajati, hii si uchafu. Hii ni petroli. Moto akifika hapa, miti yote anakwisha."

Siku hiyo tulikunywa chai bila tangawizi, na kwetu chai bila tangawizi ni matusi. "Mtoto wa juzi," Mama alinung'unika, "aniambie usafi wangu unachoma msitu!" Nilijizuia kucheka. Lakini jioni nilimwona amesimama kwenye ua, anautazama mvule, na kicheko chote kikaniishia. Nilimhurumia sana.

Kesho yake alipenya kwenye pengo la ua na ufagio wake, akaanza kufagia msitu. Alifagia chini ya miti, kisha akaizunguka, akiacha mistari yake ileile. Jirani yetu Mganda akamwona anahangaika na malundo.

"Hajati, leta kwa lusuku yangu! Ndizi anapenda sana."

Basi majani yakahamia kwenye migomba yake, yakalowa, yakaoza kwa heshima zote. Wanawake wengine wakaona Hajati sasa ana uwanja mkubwa kuliko wao. Nani angekubali? Mtaa wetu haujali sheria, lakini aibu unaiogopa. Kiangazi kilipoingia, mifagio ilikuwa imekwisha kuuzunguka msitu wote.

Moto ulikuja mchana. Mtu alichoma taka bondeni, upepo ukamzidi maarifa. Mimi nilikuwa dukani Kansanga nilipopigiwa simu, nikadandia boda. Nilikuta watu wamejipanga kama tulivyofundishwa, wanaupiga moto kwa matawi mabichi. Nyasi za bondeni zilikuwa zimeteketea, na moto ulikuwa umefika kwenye udongo uliofagiwa na kukosa cha kula. Cheche tu ndizo zilizokuwa zikivuka. Na Mama alikuwa amesimama chini ya mvule, ufagio mkononi, akizifukuza kama kuku.

"Mama, toka hapo!" nilimfokea, mimi ambaye sijawahi kumfokea.

"Nimwache babako peke yake?"

Sikuwa najua kwamba aliuita hivyo. Nilikata tawi, nikasimama karibu naye, nikapiga cheche huku nalia. Nilisingizia moshi.

Mvule uliungua gome upande mmoja tu. Kwenye kikao kilichofuata hakuna aliyetaja shoka.

Siku hizi magoti ya Mama yamegoma, na kufagia msitu ni kazi yangu. Yeye huketi kwenye kigoda penye pengo la ua, na chai yake ya tangawizi, akinisimamia. Leo asubuhi nilimaliza, nikanyoosha mgongo na kujiona bingwa. Mama akaweka kikombe chini, akanyoosha kidole.

"Pale," alisema, "miguuni pa babako. Umeacha jani."